Mikono Iliyomponza Lea

Mwaka 1956, ndani ya basi la Muheza kwenda Tanga, nilikaa nyuma ya Lea, msaidizi wa wodi katika hospitali ya Tanga, na Bi Mwanamkasi, aliyekuwa anapeleka goti lake huko huko. Walijuana kwenye basi lile lile. Tulipofika Ngomeni walikuwa tayari wanaitana bibi na mjukuu.

"Mwaka wa tatu huu naomba kwenda kusomea unesi," Lea alilalamika. "Sista, mkuu wetu wa wodi, ananijibu, 'Ukiondoka wewe, nani atanigeuzia wagonjwa?' Wenzangu wanaowaangusha wagonjwa wamekwishapelekwa!"

"Basi na wewe angusha, mjukuu wangu! Mwaga beseni la mkojo katikati ya wodi."

"Nikilimwaga, bibi, atakayeitwa kupiga deki ni nani?"

Bibi akajifunga kanga yake upya. Nami, niliyejifanya namenya chungwa, nikalimenya kweli.

"Dhuluma hiyo!" bibi akazuka tena. "Leo usimsihi. Mkazie macho, umwambie: usiponiruhusu, kazi naacha."

"Wallahi leo namwambia," akaapa Lea, Mlutheri mzima, kwa hasira.

Basi likasimama langoni mwa hospitali. Goti la bibi likagoma kunyooka. Lea akapitisha mkono mmoja mgongoni, mwingine chini ya magoti, akamteremsha taratibu kama mtungi uliojaa maji. Hata kanga haikusogea. Bibi alipokanyaga chini, aliishika ile mikono, asiiachie.

"Mjukuu wangu," akasema kwa upole, "hilo la kuacha kazi, hebu lingoje goti langu lipone."