Nyanjige Mpima Nyota, na Jibu Letu la "Baada ya Pamba"

Baba Padre, wazee wetu wa Sola, ndugu na majirani, Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Mayala Luhende, nimetumwa na familia kusoma habari za mdogo wangu, Specioza Nyanjige Luhende, na kuna mahali nitasoma kwa aibu, mnivumilie.

Nyanjige alizaliwa hapa Sola tarehe 14 Machi 1984, mtoto wa nne wa marehemu mzee Luhende na mama Philomena, akasoma shule ya msingi hapa hapa, sekondari Maswa mjini na Tabora, kisha akahitimu shahada ya fizikia Dar es Salaam mwaka 2008, na sherehe yake tukaisogeza hadi baada ya pamba, pamba ikaisha, hatukuifanya.

Januari 2009 alianza kufundisha sekondari Bariadi, na aliporudi na shahada ya pili kutoka Afrika Kusini mwaka 2014, aliendelea kushirikiana na wenzake wa huko kupima nyota ndogo, zisizo na joto kubwa kama la jua, ambazo macho matupu hayazioni. Alisema zina madoa meusi, nyota ikijizungusha doa linakuja upande wetu na mwanga unafifia kidogo, linaondoka, linarudi, kama ng'ombe mwenye baka ubavuni anavyozunguka zizini, naye kazi yake ilikuwa kuhesabu siku za kurudi kwake. Kila likizo aliniomba nikae naye saa moja kwenye kompyuta anionyeshe, nami nilimjibu, "Baada ya pamba."

Alifunga ndoa na Danford Maganga tarehe 9 Oktoba 2010, wakajaliwa Mektilda na Yakobo.

Mwezi Mei mwaka huu, 2025, Danford akiwa safarini, Nyanjige alikuja nyumbani akiumwa tumbo, akaomba nimsindikize hospitali Mwanza. Tulikuwa tunavuna. Nilimjibu vilevile, naye kwa heshima akasubiri. Tulimpeleka tarehe 11 Juni, madaktari wakasema uvimbe umeshasambaa, na tarehe 19 Juni, saa nne asubuhi, alifariki.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, walimu wenzake, na mwalimu Deogratias, ambaye juzi alinifungulia ile kompyuta, nikaona mstari wa mwanga ukishuka, ukipanda, ukashuka tena siku ya tisini na moja. Saa moja haikuisha, nikawa nimeelewa.

Leo pamba yetu iliyobaki iko shambani, imepasuka, hakuna aliyekwenda kuichuma. Pumzika kwa amani, mdogo wangu, kumbe ilikuwa inaweza kusubiri.