Mwalimu Agapiti Msuri na Vigae vya Nyamikoko

Baba Padri, mashekhe wetu, Mwenyekiti wa kijiji, walimu, wafiwa na majirani mliokuja kwa mitumbwi na kwa miguu katika maji haya, familia imeniomba nisome maisha ya mzee wetu, nami nitayasoma kama alivyopenda mambo yasomwe, polepole na kwa tarehe zake.

Mwalimu Agapiti Msuri alizaliwa tarehe 14 Machi 1936, katika kijiji kilicho chini ya milima ya Kondoa, mtoto wa pili kati ya watoto watano wa Mzee Isaka Msuri na Bibi Honorata, na utotoni alichunga mbuzi wa baba yake kwenye miamba yenye michoro myekundu ya twiga, swala pofu na watu wembamba wenye vichwa vikubwa, michoro ambayo hakuna mzee kijijini aliyeweza kusema imechorwa na nani. Jambo hilo lilimkera, maana alikuwa mtoto wa kuuliza, na mama yake alizoea kusimulia kwamba siku moja alirudi na mbuzi pungufu, akaulizwa alikuwa wapi, akajibu, "Nilikuwa nahesabu twiga."

Alianza shule ya misheni mwaka 1945, akaingia shule ya kati mwaka 1949 hadi 1952, ambako padri mmoja alimwonyesha kitabu chenye picha za mapango ya Ulaya, farasi na mafahali waliochorwa kwa makaa na udongo mwekundu, na hapo, kwa maneno yake mwenyewe, ndipo alipojua kwamba miamba ya kwao ina ndugu duniani. Mwaka 1953 alijiunga na Chuo cha Ualimu Mpwapwa, akahitimu mwishoni mwa 1954, akafundisha Kondoa na Dodoma kwa miaka kumi na mitano.

Tarehe 8 Septemba 1962 alifunga ndoa na Elinipendo, muuguzi mzaliwa wa Same, ambaye sote tunamjua kwa jina la Mama Michael, na Mungu akawajalia watoto watatu, Michael, Recho na Honorata, wote wapo hapa leo.

Januari 1970 alihamishiwa Wilaya ya Rufiji, Shule ya Msingi Nyamikoko, kata ya Mkongo, wakati watu walikuwa wametoka kuhamishwa bondeni kwa sababu ya mafuriko na kupandishwa kilimani, nao walinung'unika kwamba wametupwa porini, mahali ambapo hajapata kuishi binadamu. Tarehe 11 Agosti mwaka huo, wanafunzi wakichimba shimo la choo cha shule, kina kikiwa kimefika kiunoni, jembe liligonga vigae vya chungu vyenye mistari shingoni, na chini yake jiwe lililochongwa pande mbili hadi likapata makali, Mwalimu akasimamisha kazi palepale. Mwalimu mkuu alimuuliza, "Sasa watoto watajisaidia wapi?" Akaonyesha hatua thelathini pembeni, akasema, "Pale," akaondoka na vigae ndani ya kofia yake.

Tangu siku hiyo, kila aliyelima, aliyechimba kisima au kaburi akiona kigae alimpelekea Mwalimu, naye aliandika kwenye daftari mahali, tarehe, kina na jina la aliyekiokota, halafu akakifunga kwa gazeti na kukiweka katika sanduku la bati chini ya kitanda. Darasani alifundisha historia kuanzia huko, akiwasimulia wanafunzi juu ya sanamu za wanawake zilizochongwa Ulaya, ndogo kama kidole gumba, na juu ya mapango ya Amerika ya Kusini ambako watu wa kale walibandika viganja ukutani na kupuliza rangi, wakaacha mikono yao bila majina. Mwaka 1988 Darasa la Sita walifanya hivyo kwa udongo mwekundu kwenye ukuta wa darasa, mkaguzi akaja, akauliza kwa ukali nani amechafua jengo la serikali, Mwalimu akamjibu, "Darasa zima, mheshimiwa, na mimi pia, wangu ni ule wa juu." Mkaguzi akausogelea ukuta, akauliza kama udongo umebaki.

Alistaafu Machi 1991, akajenga nyumba hapo hapo Nyamikoko. Hizo zilikuwa siku za ruksa, biashara ikiwa huru, wanunuzi wa magogo na wa kamba wa baharini wakipishana barabarani, na mwaka uliofuata akaja bwana mmoja na gari, akitafuta vitu vya kale kwa wageni, akaliona sanduku, akataka kulichukua lote kwa bei nzuri. Mwalimu alimkaribisha chai na kumwambia kwamba vitu hivyo si vyake, ni vya watu walioandikwa kwenye daftari, na wengine wao wamekwisha kufa, kwa hiyo hajui amwulize nani. Bwana yule akaondoka, lakini uvumi ukabaki kwamba Mwalimu ana rupia za Mjerumani, kwani ni nani akatae fedha kwa ajili ya vigae?

Jumapili ya tarehe 5 Julai 1992, marehemu na mkewe walirudi kutoka kanisani wakakuta sakafu ya chumba imechimbwa hadi kiunoni, kitanda kimesimamishwa ukutani, sanduku limepinduliwa na vigae viwili vimekanyagwa vikawa vumbi. Aliketi kizingitini muda mrefu, si kwa hasira, Mama Michael anasema, bali kama mtu aliyefiwa, akatamka neno moja tu, "Wanafunzi wangu." Aliposhauriwa aende polisi alikataa, akamwomba Mzee Kondo, aliyekuwa mwenyekiti, aitishe mkutano.

Jumamosi ya tarehe 11 Julai, mbele ya kijiji kizima, alitandika kanga ya mkewe chini, akapanga kila kitu, akasoma daftari tangu ukurasa wa kwanza, jina kwa jina, na watu waliposikia majina ya baba zao wakasogea karibu. Bi Mwanamina, mfinyanzi, akainuka, akachukua kigae, akapitisha ukucha wake kwenye mistari, ukaingia sawasawa. "Mie huyu namjua," akasema. "Ni mwanamke, na hapa alikuwa na haraka, tazameni mstari alivyoupinda, labda mtoto alilia." Watu wakacheka, wengine machozi yakawatoka, na katikati ya kicheko hicho Amri Zaidi, aliyesoma kwa marehemu hadi Darasa la Saba, akasimama akasema, "Mwalimu, aliyechimba ni mimi." Mwalimu akamuuliza, "Ulifika kina gani?" Amri akajibu, "Kiunoni." "Na hukuona hata kigae?" "Sikuona, Mwalimu." Marehemu akamwambia akaandike hivyo kwenye daftari, maana mahali pasipo kitu napo ni habari, kisha aje afukie. Amri alifukia siku tatu, na hakuacha kuja katika nyumba ile hadi juzi.

Mwaka 1994 mtaalamu wa mambo ya kale alikuja kutoka Dar es Salaam, akakaa siku tisa, akalichukua sanduku kwa hati pamoja na nakala ya daftari, na barua yake ya Mei 1995 ilisomwa mkutanoni, ikieleza kwamba vyungu vile vilifinyangwa zaidi ya miaka elfu moja na mia tano iliyopita, na jiwe lile ni la zamani kuliko hivyo mara nyingi. Bi Mwanamina aliposikia alisema, "Kumbe hatukutupwa porini. Tuliletwa kwa watu."

Marehemu alianza kuugua kisukari mwaka 1996, figo zikadhoofu mwishoni mwa 1997, na Machi mwaka huu, barabara zikiwa zimekatika kwa mvua, vijana wa Nyamikoko walimbeba kwa kitanda hadi mtoni na kumvusha kwa mtumbwi hadi hospitali ya Utete, alikotunzwa vema hadi alipoaga dunia Jumatano, tarehe 22 Aprili 1998, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sitini na miwili.

Kaka yake, Mzee Zebedayo, alisafiri siku nne kuja kumchukua akazikwe Kondoa, kwenye makaburi ya baba zao, na familia haikuwa na neno la kumpinga. Jana asubuhi alifika hapa, akakuta Waislamu na Wakristo wamekwisha kuingia shimoni kwa zamu, wakichimba kaburi, akauliza nani ni ndugu wa marehemu kati yao, na hakuna aliyenyamaza, kila mmoja alijitaja. Mzee akavua koti, akaomba jembe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Utete, walimu wenzake, Baba Padri, mashekhe waliotupatia jeneza la kubebea na turubai, majirani waliopika katika mvua, na wote waliobeba kile kitanda, ambao majina yao tunayo na yameandikwa.

Mwalimu, mikono iliyokubeba ndiyo inayokulaza. Pumzika kwa amani, kwa watu wako.