Mzunguko wa Mshindi

Jioni ya Sikukuu ya Uhuru, basi lilipotoka Bukoba kwenda Muleba, Celina aliegemeza kichwa dirishani akasinzia. Nje migomba ilipita ikiinama katika ukungu, na kila ilipoinama alisikia tena matarumbeta ya mashindano ya bendi za shule. Nyuma yake mwanamke mmoja alikuwa akimweleza mzee aliyeketi naye jinsi alivyoizomea bendi iliyoshinda ilipozunguka uwanja, hadi sauti ikamkauka. Kwa sauti iliyokauka, Celina aliwaza, ilifika vizuri mpaka kwa dereva.

"Waitu, ndugu yangu, pale ushirika kahawa yangu hupimwa mbele ya macho yangu, mizani naiona. Leo bendi zimepimwa chini ya meza! Waamuzi wametaja mshindi, alama wamezimeza."

"Waamuzi walibaki kivulini," mzee akasema taratibu. "Anayezunguka uwanja tena akipiga ni mshindi. Mliowazomea ni watoto."

"Wangetaja alama, tungejua wa kumzomea."

Basi likapanda kilima likiguna, na katika usingizi wa Celina mguno ule ukawa ngoma kubwa inayokwenda mbali.

Utingo akagonga bati. Kituo cha Izigo. Mzee akainuka, akavaa kofia yake.

"Aliyebeba ngoma kubwa ni binti yangu."

Mwanamke akauliza kwa upole, "Na katika mzunguko ule, mzee, alipiga vizuri?"

"Alipita mbele yangu kabisa," mzee akasema, akishuka. "Sikumsikia."