Puli ya Moteri Ingine

XAVIER: Allô? Hii namba ni ya nani?

MARTINE: Ni miye, Martine. Mama Ketsia. Simu ni ya jirani, Bernadette. Ya kwangu haina chaji tangu usiku.

XAVIER: Ah, shemeji! Yambo. Mumeamka huko Saio?

MARTINE: Tumeamka, Yaya Xavier. Mahagi je?

XAVIER: Tuko. Mvua tu. Bibi yangu anakusali—

MARTINE: Musalimie. Yaya, sikiliza, uniti ya simu ni kidogo. Ile cheni ya moteri ya gari ulituma na lori, nimeshaifunga. Nilifuata yote ulisema, nimeandika mu cahier. Sasa moteri inakatala kuzunguka.

XAVIER: Umeiwasha?

MARTINE: Hapana. Ulisema nisiguse ufunguo mbele ya kuizungusha na mukono mara mbili. Nimetumia spana, clé ya dix-neuf, ku puli, ile gurudumu ya chini ya moteri. Ikifika karibu nusu, inasimama.

XAVIER: Inagonga?

MARTINE: Haigonge. Inagusa kitu, inasimama. Kama mulango ukigusa kiti.

XAVIER: Toa mukono! Usilazimishe.

MARTINE: Nilitoa.

XAVIER: Basi, shemeji, ni mwisho. Supapi, zile vali, zimepinda siku ile cheni iliruka. Moteri imekufa. Funga capot ya gari, nawa mikono, ingia mu nyumba.

MARTINE: Umeijua namna gani, kutoka Mahagi?

XAVIER: Miaka makumi mbili niko mu hii kazi. Nilifungua moteri mbele weye ujue kusoma.

MARTINE: Nilijua kusoma. Yaya, directrice ya internat, ile masomo ya bweni ya Ketsia, alipiga tena leo asubui.

XAVIER: Alisema nini?

MARTINE: Juzi alisema wazazi wakuye kuondoa watoto, juu ya vita. Leo hakusema "wazazi". Alisema: "Mama Ketsia, kuya weye." Niliuliza juu ya nini, akasema simu si fasi ya kueleza. Wasichana walikuwa arobaini. Wamebakia sita, Ketsia ni moja yao.

XAVIER: Sita.

MARTINE: Nilimuomba ahesabu tena. Sita, na mulinzi moja. Mulinzi wa pili alienda jana na hakurudi. (Kelele mu laini.) Unanisikia?

XAVIER: Nasikia. Convoi ingine ya magari iko lini?

MARTINE: Leo saa saba, inatoka ku rond-point ya mji na askari, njia ya Boga, ile inapita ku internat. Nyuma ya ile, hakuna anayejua. Moto, zile piki-piki, hawazipokee mu convoi. Nilizunguka kwa kila mutu mwenye gari. Wanaenda upande wa Mahagi, kwenu. Upande wa Boga, hakuna.

XAVIER: Unaona? Watu wako na akili.

MARTINE: Watoto wao hawako kule. Sasa nieleze. Nimezungusha mara tatu. Mara tatu inasimama fasi moja, nilipiga alama na chaki. Kitu kimevunjika hakingesimama sawasawa vile. Hii iko na sababu.

XAVIER: Shemeji, hapa si darasa ya physique.

MARTINE: Ni darasa ya physique. Pistoni inapanda, supapi inashuka, zinakutana. Maana yake juu na chini haviendi pamoja. Alama mbili ya juu zinaangaliana vizuri, nimezitazama na torche. Kwa hiyo mubaya ni ile ya chini. Alama ya puli.

XAVIER: Rezo ya simu iko inaka—

MARTINE: Haikate. Nasikia kuku ya kwako. Yaya Xavier, nani aliweka hii puli?

XAVIER: Miye.

MARTINE: Ilitoka wapi?

XAVIER: Ku moteri ingine. Ya kwanza ilipasuka, bwana yako Antoine alikuwa na haraka, nikamutafutia ya occasion, ya kutumika. Inaingia vizuri, inazungusha mukanda vizuri. Alama yake tu njo haiko ya hii moteri.

MARTINE: Jana nilikuuliza: "Nifuate alama ya puli?" Niko nasoma mu cahier. Ulisema: "Fuata."

XAVIER: Nilisema.

MARTINE: Ulisahau?

XAVIER: Sikusahau. Gari haiwake, haiende. Njo ile tu.

MARTINE: Siku mbili niko mu mafuta mpaka ku viwiko. Na weye ulijua.

XAVIER: Nilijua huwezi kuwasha mbele ya kuzungusha na mukono. Weye ni mutu wa kufuata. Haungevunja kitu. Ungechoka, ungekaa.

MARTINE: Na Ketsia?

XAVIER: Moto ya Antoine, nani aliitengeneza? Ni miye. Asubui ile ile alikufia ku njia. Niliipima, nikamwambia: iko muzuri, ndugu yangu, enda.

MARTINE: Moto ilikuwa muzuri. Haikukuwa kosa ya moto.

XAVIER: Ile njo nasema! Ingekuwa mubaya, angelala nyumbani.

MARTINE: Yaya, sina machozi ya saa hii. Antoine alienda kutafuta samaki ya kuuzisha. Miye niko na mutoto wa miaka kumi na tatu, na saa imefika tano kasoro kumi. Kama haunieleze, nitajaribu peke yangu, jino moja moja, mpaka ivunjike ao iwake.

XAVIER: Usijaribu peke yako!

MARTINE: Basi nieleze.

XAVIER: Ngo— (kelele mu laini) —oa buji zote ine?

MARTINE: Rudilia.

XAVIER: Buji, zile plagi. Umetoa zote ine?

MARTINE: Zimetoka, ziko ku gazeti.

XAVIER: Uko na sindano ya kufuma? Ya plastiki, si ya chuma.

MARTINE: Iko.

XAVIER: Sahau puli. Usiiangalie tena. Pembeni ya moteri kuna tendeur, ile kifaa inakaza cheni, imeshikwa na bulo, bolti, mbili. Itoe, cheni italegea. Kisha inyanyue cheni ku meno ya juu, uifunge na kamba. Ikianguka chini, tumekwisha, itabidi kufungua mbele yote.

MARTINE: Kamba. Naandika.

XAVIER: Rudisha moteri nyuma, robo. Ingiza sindano mu tundu ya buji ya kwanza, iguse pistoni. Zungusha pole pole. Sindano itapanda. Kuna fasi itaacha kupanda, na haijaanza kushuka. Hapo, simama. Hapo njo chini iko sawa. Kisha rudisha cheni juu, na zile alama mbili zikiangaliana, na—

MARTINE: Ngoja.

XAVIER: Nini?

MARTINE: Kitu kimelia. Upande wa njia munene.

XAVIER: Ni pneu ya gari imepasuka.

MARTINE: Pneu inalia mara moja. Bernadette anaingiza watoto wake mu nyumba.

XAVIER: Watu wanakimbia?

MARTINE: Hapana. Wamesimama ku milango, wanaangaliana. Sasa wanarudi ku kazi. Endelea. Cheni juu, kisha?

XAVIER: Kisha tendeur. Bulo mbili, usikaze kama mwanaume mulevi. Kisha mukono, mara mbili, pole pole. Ikigusa hata kidogo—

(Laini inakatika. Nyuma ya saa moja na kitu, simu inaita tena.)

XAVIER: Allô! Shemeji! Nimekaa na simu mukononi kama mutu anangoja maiti.

MARTINE: Rezo ilienda. Nimeshamaliza.

XAVIER: Umezungusha?

MARTINE: Mara mbili, haikugusa. Kisha mara mbili ingine, haikugusa. Buji zimerudi, kifuniko ya juu imefungwa, huile, mafuta ya moteri, iko. Saa sita na dakika ishirini na tano. Nieleze tu kama ni sasa.

XAVIER: Essence, mafuta ya gari, iko ngapi?

MARTINE: Litre trente.

XAVIER: Weka simu ku capot. Washa. Ikilia kama mawe mu sahani, zima palepale.

(Starter inalia. Inanyamaza. Inalia tena. Moteri inashika.)

XAVIER: Usikanyage! Iache yenyewe! Martine! Iache!

MARTINE: Niko hapa. Inawaka, Yaya. Inawaka.

XAVIER: Nyamaza, nisikie. (Moteri inanguruma.) Mwanzo ililia, kra-kra-kra?

MARTINE: Seconde ine. Kisha ikanyamaza.

XAVIER: Njo ile niliogopa. Ni tendeur. Nilikutumia cheni mupya, lakini tendeur mupya nilikosa, nimezunguka Mahagi yote. Hii ya kwako imekwisha. Inakaza cheni tu kama huile inaisukuma, na huile inasukuma tu kama moteri iko inazunguka. Ukizima, inalegea. Ukiwasha tena, cheni inaweza kuruka meno, kama siku ile.

MARTINE: Inaweza, ao itaruka?

XAVIER: Leo imekubali. Ya pili sijue. Ya tatu, hapana. Kwa hiyo usizime. Kuenda, kurudi, mpaka mu parcelle yako, nyumbani. Ketsia anapanda moteri iko inawaka.

MARTINE: Sawa. Haizimwe.

XAVIER: Hata ukikojoa, haizimwe.

MARTINE: Yaya.

XAVIER: Nini?

MARTINE: Barrière za askari. Neno ya kwanza ku barrière ni kuzima moteri. Mbele ya kuuliza jina, mbele ya karata ya gari. Kila mara.

XAVIER: Mu convoi pengine hawasimamishe.

MARTINE: "Pengine" siwezi kuiandika. Iko ngapi mpaka internat?

XAVIER: Ine. Tatu ya kwanza watakuacha, wanajua Kiswahili, eleza tu. Ya ine, ile ya daraja... askari waliobadilishwa kule ni wapya. Walitoka mbali. Ni Lingala tu.

MARTINE: Lingala yangu ni ya kanisa.

XAVIER: Miaka yote nilikuambia ujifunze, ukasema ni luga ya walevi.

MARTINE: Utanicheka nikirudi. Nipe neno.

XAVIER: Sikiliza. Atasema "boma moteur". Ni kuzima. Weye weka mikono yote mbili juu ya volan, usukani, azione. Vitre ya dirisha iwe chini tangu mbali. Usitafute kitu mu sakoshi, hata karata. Kisha, pole pole: "Chef, pardon. Soki nabomi moteur, ekopela lisusu te."

MARTINE: Maana?

XAVIER: Chef, samahani, nikizima moteri haitawaka tena.

MARTINE: Chef, pardon. Soki nabomi moteur, ekopela lisusu te.

XAVIER: Tena. Usiseme kama mwalimu. Sema kama mutu anaomba.

MARTINE: Chef, pardon. Soki nabomi moteur... ekopela lisusu te.

XAVIER: Iko. Na akikatala, akisema zima tu?

MARTINE: Nitazima, Yaya. Sitabishana na bunduki.

XAVIER: Na kisha?

MARTINE: Kisha nitakuwa ku daraja, na internat iko kilometre sita. Miguu yangu haina tendeur.

XAVIER: Martine, basi... Mungu wangu. Usikae mbele ya convoi, usikae nyuma. Katikati. Ukifika ku internat piga—

MARTINE: Simu ni ya Bernadette, naiacha hapa. Saa sita na nusu imepita, lazima niende kupanga mustari. Samahani, nimekusemesha mambo ya Antoine.

XAVIER: Ni miye nilisema. Ni miye. Ile puli, unisamehe.

MARTINE: Nitaifikiria nikirudi. Bernadette! Shika simu yako, fungula portail! Kwaheri, Yaya.

XAVIER: Kwa— shemeji? Shemeji!

(Mulango ya chuma inavutwa. Moteri inapita karibu.)

BERNADETTE: Allô? Yaya Xavier? Ni Bernadette. Ametoka.

XAVIER: Moteri inalia namna gani?

BERNADETTE: Miye sijue moteri, Yaya. Inalia kama gari.

XAVIER: Hailie kra-kra?

BERNADETTE: Hapana. Ameshika njia ya rond-point, anapanda pole pole. Uniti yangu inakwisha, imeshalia bip—

XAVIER: Usikate. Bado unamuona?

BERNADETTE: Simuone. Namusikia tu.

XAVIER: Bado?

BERNADETTE: Bado.

XAVIER: Na sasa? (Bip. Simu inakatika.) Bernadette? Na sasa?