Bi Haipiti na Neno Lake la Herufi Tatu

Ifikapo tarehe thelathini ya mwezi huu, Bi Haipiti atastaafu baada ya miaka thelathini na miwili katika Idara ya Kamusi. Kwa muda kama huo wenzetu hujenga madaraja, huozesha watoto, hata hupinduana madarakani. Yeye alishughulikia neno moja. Ni la Kiingereza, lina herufi tatu, na kupiga chafya huchukua muda mrefu kuliko kulitamka: "set". Makofi, tafadhali.

Nami ninayeandika sifa hizi sina pa kuringia, kwa sababu nilipewa "get". Mhariri mkuu wa wakati ule, Mungu amrehemu, aliyaona maneno hayo mawili yana kina kimoja na ni mafupi, akatuweka kwenye meza zinazotazamana, akatuagiza tuyamalize kabla ya sikukuu. Hakutaja sikukuu ya mwaka gani.

Kwa asiyejua utaratibu wetu: hakuna maana inayoingia kamusini mpaka mtu wa meza ya pili aishambulie kwa nguvu zake zote na ishindwe kufa. Ikipona, anatia sahihi. Kwa hiyo mimi niliua maana zake, naye akaua zangu, huku anatafuna karanga na kutamka "haipiti" bila hata kuinua macho. Ndiko lilikotoka jina, na hata mkurugenzi hakumbuki tena lile alilopewa na wazazi.

Ubishi wetu mkubwa ulikuwa ni neno la nani lenye mambo mengi. La kwangu halitulii: mtu hupata barua, hushikwa na homa, huelewa mzaha, hufika nyumbani, hupanda basi, hushuka, hukasirika, huzeeka, na kote humo "get" imo. La kwake, alidai, ni la watu wenye adabu: huandaa meza, hutega mtego, huunga mfupa uliovunjika, hutunga mtihani, hutegesha saa, na jua likizama nalo lipo. Aliliita langu kibaka, eti halioni kitu likakiacha. Nikaliita lake mama mwenye nyumba anayehamisha viti wageni wakiwa wamevikalia. Huo ndio uliokuwa mjadala wa kitaalamu, ndugu wasomaji, na mshahara tulipokea.

Siku moja niliikataa "set" ya saruji kushika, nikamwambia kwamba saruji hukauka tu, basi. Kesho yake alikuja ofisini na beseni la saruji mbichi, akaliweka katikati ya meza zetu ili nione kwa macho yangu kwamba saruji hushika kwanza, kukauka ni habari nyingine. Alishinda. Bahati mbaya alikuwa ameikoroga kwa kijiko kikubwa cha mama wa chai, akakisahau humo. Beseni hilo ndilo linalozuia mlango wa stoo usijifunge, kijiko kimesimama wima, na mama wa chai bado hajamsamehe.

Mwaka huu bodi ikaamka usingizini. Ikaamua kamusi ipelekwe kwa mchapaji maneno yote yakishatiwa sahihi, na ukurasa wa mbele ubebe majina ya walio kazini siku hiyo tu. Ukistaafu wiki moja kabla, kwaheri ya kuonana. Busara ya bodi hiyo, sijui tuishukuru vipi! Maneno yote yalikuwa tayari isipokuwa "set", iliyobakiza maana moja: namna kitu kinavyokaa, kama koti mwilini. Aliyeikataa ni mimi.

Siku zilipokaribia kwisha, nilitia sahihi kimya kimya bila kuishambulia, ili jina lake lisiachwe nje. Aliiona, akaichana karatasi mbele ya watu wote, akauliza tangu lini nimeanza kutoa sadaka. Akasema afadhali kamusi itoke bila jina lake kuliko itoke na maana iliyoombewa huruma.

Haya basi. Nikashambulia, na kwa hasira. Alileta koti lililoshonwa na mumewe, fundi cherehani; nikasema koti likikaa vizuri asifiwe fundi, si neno. Alileta kofia, nikaiangusha. Mkurugenzi alikuwa akichungulia mlangoni kila mara, anatazama saa na kufuta jasho. Hatimaye, alasiri moja, Bi Haipiti aliweka kalamu chini, akawaomba wote wayatazame mabega yangu. Hakuna aliyeyapanga vile, akasema, wala aliyeyashona, lakini kwa jinsi yalivyokaa kila mtu humu anaona huyu bwana anakaribia kushindwa. Ofisi nzima ilicheka. Nilifungua mdomo nijibu, nikajikuta nayashusha mabega yenyewe.

Nikatia sahihi, safari hii kwa haki. Karatasi ya majaribio imerudi kutoka kwa mchapaji na nimeiona kwa macho yangu: jina lake lipo, tena juu ya langu.

Kwa mumewe tunatuma pole za dhati. Shemeji, ukiomba chumvi mezani, jiandae kueleza unamaanisha nini.

Mkurugenzi ameniambia nafasi ya Bi Haipiti haitajazwa, na kwamba kuanzia mwezi ujao ninaweza kujitilia sahihi mwenyewe. Alidhani nitafurahi. Jana niliandika maana mpya ya "get" kwa ajili ya toleo lijalo, nikaisoma, nikairudia. Kila nikiisoma naiona haina kasoro hata moja, na hilo ndilo linalonitisha.

Asante, dada, kwa miaka yote uliyonikatalia. Idara nzima inakuombea afya na siku njema. Mimi nitakukosa sana.