Kaenda Kutaka Dawa, Kapewa Somo

Gari ya Jambiani ilikuwa nusu tupu, kwa hivyo hata asiyetaka kusikia alisikia. Bi Mwanamwema, mkulima wa mwani, alikuwa anatoka hospitali mjini, anarudi kwake. Aliyekaa naye, Bi Faiza, walikuwa hawajapata kuonana, lakini hata nusu ya njia, Tunguu, hatujafika, alishamuuliza maradhi yake yote.

"Mwili mzima unaniuma, mwaka wa tatu huu," alisema Bi Mwanamwema. "Damu wamepima, picha wamepiga, hawakuona kitu. Mume wangu anasema nna uvivu. Leo daktari kanikalisha saa nzima, ananisomesha maumivu."

"Umetoka Jambiani kuja kusomeshwa? Na dawa je?"

"Kidogo. Kasema maumivu ni ya kweli, sizushi. Mishipa ya fahamu ndiyo iliyozidi ukali, kitu kidogo inakipigia kelele. Kasema bamvua likija, maji yakitoka mbali, nisifunge mwani mpaka nianguke, halafu nikalala wiki. Nifunge kamba mbili, nipumzike, kesho tena."

"Na maji yatakungoja?" Swali zuri. Hata mimi, kiti cha nyuma yao, nililisubiri jibu lake.

"Hayangoji. Lakini miaka mitatu, mwenzangu, yule ndiye mtu wa kwanza kuniamini."



Gari ikasimama Jambiani. Mume wa Bi Mwanamwema alikuwa kando ya njia na baiskeli yake. "Umepewa dawa gani?"

"Nimeambiwa Jumatano twende wawili," alimjibu, akamkabidhi mkoba. "Na wewe una somo lako."