Hodi kwa Laptopu ya Nthenya

Benchi la Katuku liko Kaloleni, hapa Voi, mahali ambapo kivuli hukaa mpaka mchana. Katuku anauza kahawa ya tangawizi, nami nauza viazi karai kando yake, mwanangu Wendy akiwa amelala mgongoni. Wateja wa kila siku ni watatu. Mulinge tunamwita Reli kwa sababu alifanya kazi ya reli mpaka akastaafu. Crispus ni Injinia, fundi wa baiskeli. Hillary ni Mheshimiwa. Aliwahi kugombea kiti cha wadi akapata kura kumi na tisa, na hadi leo huwasalimu wote kumi na tisa kwa majina. Jumatano hiyo stima ilikuwa imepotea mji mzima tangu alfajiri. Saa tano na nusu tukamwona Nthenya, msichana anayefulia watu nguo mtaani kwetu, akija mbio amekumbatia laptopu kama mtoto mwenye homa.

— Aki nisaidieni! Fomu ya chuo cha uuguzi nimejaza yote. Imebaki kubonyeza "Tuma" peke yake. Mwisho ni saa sita, na mshale haisongi!

— Jana ilikuwa inasonga? akauliza Injinia.

— Jana ilikuwa sawa kabisa. Ni ya binamu yangu Abby. Usiku ikajiapdeti yenyewe, asubuhi hiki kibao cha kusugua na kidole kimekuwa kama jiwe. Nimezima nikawasha mara tatu.

— Si utumie simu?

— Simu yangu ni mulika mwizi, uncle, haina intaneti. Na saiba zote zimefunga, hakuna stima. Hii nayo imebaki chaji asilimia kumi na moja.

Hakuna aliyemwambia angoje. Mheshimiwa alimwashia intaneti ya simu yake bila kuombwa. Katuku alivua leso akaitandaza juu ya laptopu ili mwangaza usizuie kuona. Injinia alipangusa mikono kwenye suruali yake, upande ulio safi. Halafu akafungua mdomo, akaharibu.

— Hapa ni grisi. Chuma ikikaa usiku bila grisi inashika.

— Weka grisi hapo uone nitakavyokumwagia kahawa, akasema Katuku.

— Basi tuikunje kidogo. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi.

— Hii si samaki, Injinia! Nthenya akalia.

Reli akakohoa. Huwa anakohoa kabla ya kusema jambo la kitaalamu.

— Ni vumbi. Vumbi ya Voi ilikuwa inasimamisha hata gari moshi.

— Gari moshi gani ilisimamishwa na vumbi, Reli?

— Ulikuwa hujazaliwa.

Mheshimiwa akasimama. Akizungumza ameketi hujiona kama raia.

— Nyinyi hamjui serikali. Ikija apdeti, rejista ya zamani inafutwa. Kidole cha huyu dada hakijaandikishwa upya! Na kidole kimoja hakivunji chawa. Leteni vyote.

Tukaleta. Cha Injinia, cha Reli, cha Katuku, na changu chenye mafuta ya viazi, vyote vikajibana pale juu kama nguruwe kwenye hori. Mshale haukutikisika.

— Asilimia nane, akasema Nthenya. Saa sita kasoro dakika kumi na tano.

— Haraka haraka haina baraka, mwanangu, akasema Reli.

— Fomu inafungwa, mzee!

— Ni ndovu, akasema Injinia kwa sauti ya chini.

— Ndovu?

— Wale wa huko mbugani. Ndovu wakiongea, ardhi inatetemeka, lakini sisi hatusikii. Hii mashine baada ya apdeti imepata masikio. Inawasikiliza. Huwezi kuongoza mtu anayesikiliza ndovu.

Reli alikohoa tena, kikohozi kirefu.

— Nimeelewa. Jana usiku hii kitu imejengewa nyumba mpya ndani yake. Sasa nyinyi mnaingia na vidole hivihivi, bila hata hodi. Mtu akihamia nyumba mpya, unamwingilia bila kubisha?

Akakunja kidole, akagonga pembe ya kibao mara mbili, polepole, kwa heshima zote.

— Hodi, hodi.

Mshale ukasonga.

Nilipiga kigelegele mpaka Wendy akaamka. Nthenya akaanza kuupeleka mshale chini kwenye "Tuma", lakini Mheshimiwa alikuwa ameshainama.

— Ngoja. Kiongozi hawezi kupitia hodi ya mtu mwingine. Hodi, hodi!

Mshale ukaganda.

— Umeiudhi! akafoka Reli.

— Inataka mtu wa mikono, akasema Injinia, akagonga. Hodi, hodi!

Ukasonga.

— Mnaona? Mikono ya kazi!

— Mimi ndiye nilianza, akasema Reli. Hodi, hodi!

Ukaganda. Sasa wakawa wanabishana mkono wa nani una nuksi, na Nthenya machozi yanamtoka bila sauti, macho kwenye asilimia tano. Katuku akamshika bega.

Pembeni alikuwa amesimama mama mmoja wa kijiji cha Makwasinyi aliyeleta gunia la pojo sokoni, akingoja kikombe chake cha kahawa kwa subira ambayo hatukuistahili.

— Samahanini, akasema. Mimi mambo ya mashine siyajui. Lakini hapo pembeni kuna kitaa kidogo. Akibisha mmoja kinazimika na mshale unasonga, akibisha mwingine kinawaka na unaganda. Kwani nyinyi mkishakaribishwa ndani, mnabisha tena ya nini?

Reli alimtazama Injinia, Injinia akamtazama Mheshimiwa, Mheshimiwa akatazama barabarani kana kwamba anangoja msafara wake. Kisha, bila kuambiana, wanaume watatu wazima wakaketi juu ya mikono yao.

Nthenya akagonga mara mbili. Kitaa kikazimika. Akasogeza mshale taratibu, sote tumebana pumzi, akabonyeza. Kioo kikaandika: "Maombi yako yamepokelewa, 11:57." Nthenya akafunika uso kwa leso ya Katuku, akalia sasa kwa sauti, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Katuku akammiminia mama wa Makwasinyi kikombe kilichojaa mpaka ukingoni, nami nikamwongezea viazi viwili. Akanywa kidogo, akawageukia wale watatu.

— Lakini hamjanijibu.

Mheshimiwa akatoa mkono mmoja chini ya paja, akaunyoosha kama yuko jukwaani.

— Mama, hodi ni kama akiba. Haiozi.

— Rudisha mkono hapo chini, akasema Katuku.

Akaurudisha.